ALIYEMTUMA MWALIMU NDIYE ALIPE NAULI

Ndugu wafanyakazi wa reli,

Wengine wenu watauliza: mambo ya waalimu yaingiaje katika karatasi ya Chama cha watu wa reli? Twajibu hivi. Watoto wanaokaa katika madarasa hayo ni wetu. Kodi inayolipa mafunzo ya waalimu, au isiyoyalipa, ni yetu. Tena jambo wanalofanyiwa waalimu, la kuamriwa wajifunze kazi mpya kisha kuambiwa watoe fedha mifukoni mwao, likiachwa lipite kwao bila neno litateremka kwenye steshini yetu kesho. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Kwa hiyo twasema, na twasema wazi.

JAMBO LENYEWE

Tangu Januari ya mwaka wa 2019 shule zote za nchi, kuanzia chekechea mpaka Gredi ya 3, ziliingia katika mtaala wa umilisi, ule watu wauitao CBC. Baadaye mtaala ukapanda gredi baada ya gredi. Januari 2023 ukafika sekondari msingi kwa Gredi ya 7, na mwaka huo huo wa 2023 mtihani wa KCPE ukafanywa kwa mara ya mwisho. Mfumo wa 8-4-4, uliokuwapo tangu 1985, unakwenda ukimalizika.

Mtaala huu wataja umilisi saba, na mmoja wa hizo ni mawasiliano na ushirikiano. Maana yake ni kwamba mtoto asiwe tena debe la kumiminiwa maneno. Afanye kazi na wenzake, aulize, ajaribu, akosee, arekebishe, aeleze kwa kinywa chake alilolipata.

Tuchukue mfano wa somo la kupima urefu. Kwa desturi ya zamani mwalimu aliandika ubaoni kwamba mita moja ni sentimita 100, watoto wakaimba mara ishirini, wakanakili, kengele ikalia. Kwa njia hii mpya watoto hugawanywa vikundi, kila kikundi kikapewa rula, wakaambiwa wapime daftari za namna moja. Kikundi kimoja chasema sentimita 20, kingine chasema 21. Wanabishana. Wanapima tena. Mwisho mtoto mmoja anagundua kwamba wenzake walianzisha daftari kwenye alama ya 1 badala ya alama ya 0. Mtoto aliyegundua hivyo hatasahau mpaka azeeke.

Lakini sasa tazameni kazi ya mwalimu katika somo hilo. Sharti ajue kikundi kipi kimekwama na kipi kinacheza tu. Sharti aulize swali linalofungua akili, si lile la kujibiwa "ndiyo mwalimu". Sharti ahakikishe kwamba mtoto hodari hafanyi kazi yote huku wanyonge wakimshikia rula. Na lililo gumu kuliko yote, sharti azuie ulimi wake, angawa jibu analijua. Mtu aliyefundisha miaka ishirini kwa kusema, leo aambiwe afundishe kwa kunyamaza na kuuliza, huyo amepewa kazi mpya kabisa. Haijifunzwi kwa kusoma barua ya serikali iliyobandikwa ofisini.

SISI HATUPINGI NJIA HII

Tusisingiziwe. Hatusemi turudi nyuma. Njia hii sisi twaijua, maana ndiyo njia yetu ya kujifunza kazi tangu reli ilipojengwa.

Nani kati yetu alijifunza kuunganisha mabehewa kwa kukariri? Dereva msaidizi hukaa kando ya dereva mwenye uzoefu, safari baada ya safari, akitazama mkono wake kwenye breki, akisikia sauti ya injini inapopandisha mzigo kuelekea Timboroa. Karakanani fundi mzee hatoi hotuba. Humpa kijana tupa na kipande cha chuma, humwacha akosee, kisha humwuliza, "Mbona kimekataa kuingia?" Na genge la njia hufanya kazi kwa umoja wa akili na mikono. Mmoja hushika kipimo, mwingine mtaimbo, mwingine hutazama mstari kwa jicho, na kila mmoja ana haki ya kusema "bado", awe mkubwa au mdogo, kwa sababu reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja, na ikipanuka zaidi ya kiasi behewa litaanguka bila kuuliza nani alikuwa mkubwa.

Basi mtu asituambie kwamba kujifunza kwa kikundi ni mchezo wa kizungu. Ni desturi ya kila kazi ya mikono. Tunalolipinga ni njia ya rahisi inayotumiwa kuwafunza waalimu wenyewe.

MARA MBILI TUMELIONA

Ndugu, hii si mara ya kwanza nchi yetu kutaka watoto wajifunze kwa kutenda.

Mwaka wa 1957, wakoloni wakiwa wangali hapa, palifunguliwa Nairobi kituo maalum cha kutunga njia mpya ya kufundisha shule za msingi, nayo ikajulikana kwa herufi NPA. Watoto walikaa kwa vikundi, walitumia vifaa, walizungumza na kutenda, tena yote kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Madarasa ya mwanzo yaliendelea vizuri, maana waalimu wake walifunzwa kwa uangalifu na walitembelewa na watu wa kuwasaidia. Uhuru ulipokuja, kila mzazi alitaka shule ya mwanawe iwe na njia hiyo, na Tume ya Ominde ya mwaka wa 1964 ikaunga mkono Kiingereza tangu mwanzo. Mpango ukaenea mbio kuliko waalimu walivyofunzwa. Matokeo yake, mahali pengi kilichobaki ni Kiingereza peke yake. Vikundi vilivunjika, vifaa vilipotea, na watoto walirudi kuimba ubaoni, safari hii kwa lugha wasiyoielewa.

Mara ya pili ni mwaka wa 1998. Serikali pamoja na shirika la Japani la JICA walianzisha mpango wa SMASSE kwa waalimu wa hesabu na sayansi wa sekondari, kwanza katika wilaya 9, halafu tangu 2003 nchi nzima. Mpango huo ulikuwa na busara. Waalimu walikusanyika, wakatengeneza masomo pamoja, wakabuni vifaa kwa vitu vya kawaida badala ya kungoja maabara isiyokuja. Desturi yake ilikuwa maneno manne: panga, fanya, tazama, rekebisha. Kituo chake, CEMASTEA, kiko Karen mpaka leo. Lakini hata huko mwalimu aliitwa katika likizo yake, na manung'uniko juu ya posho yalikuwa mengi. Tena aliporudi shuleni alikuta mtihani ungali ule ule, mwalimu mkuu angali anahesabu alama, na hakuna wa kumwuliza, "Lile somo jipya limeendaje?"

Mara mbili treni imetoka steshini ya kwanza kwa bendera na matarumbeta, na mara mbili imepungukiwa na mafuta njiani. Sasa ni mara ya tatu. Hatutaki kusimama tena porini na watoto wetu ndani ya mabehewa.

UJUMBE WA MDOMO KWA MDOMO

Mafunzo ya mtaala huu yameshuka kama maji ya ngazi. Wachache hufunzwa juu kabisa, hao wafunze wa kaunti, wa kaunti wafunze wa chini yao, mpaka neno limfikie mwalimu wa darasani. Katika kila ngazi siku hupunguzwa na jambo hukatwa. Aliye juu alipewa sababu, aliye katikati alipewa maelezo, na mwalimu aliye chini kabisa, ambaye ndiye atakayesimama mbele ya watoto, hupewa karatasi ya kujaza.

Sisi watu wa reli twajua hatari ya jambo hili. Amri ya kuruhusu treni kuingia njiani haipitishwi kwa kudhani. Anayeipokea huirudia neno kwa neno kwa aliyeitoa, na yule hukubali au husahihisha, ndipo treni iondoke. Kwa nini? Kwa sababu neno moja likibadilika njiani watu hufa. Katika mafunzo haya nani anamrudia nani? Nani hutoka Nairobi akaingia darasa la nyuma ya kilima akaona kama lile lililosemwa juu ndilo linalofanyika chini? Darasani hafi mtu siku hiyo, hiyo ni kweli. Mtoto hupotea polepole, miaka minane, na hakuna anayeandika ripoti ya ajali.

Na liko jambo jingine la kuchekesha kama lisingekuwa la kusikitisha. Waalimu huketishwa mia kwa safu ukumbini, mbele yao mtu mmoja na kipaza sauti, akawasomea kutoka asubuhi mpaka jioni kwamba si vema kuwaketisha watoto kwa safu na kuwasomea kutoka asubuhi mpaka jioni. Waalimu wakanakili. Kisha wakapewa cheti. Wakubwa hawa wangefundisha watu kuogelea kwa kuwachorea mto ubaoni.

Mwezi wa Aprili 2019 chama cha waalimu cha KNUT kilisema mafunzo yanakwenda kwa haraka mno, kikawaambia wanachama wake wasishiriki. Pakawa na fujo katika vituo vingine, na waalimu wakaadhibiwa. Sisi hatusifu fujo. Lakini mtu akipiga kelele kwamba daraja halijamalizika, dawa yake ni kwenda kulikagua daraja. Kumfukuza mpiga kelele hakuongezi nguzo hata moja.

NANI ALIPE?

Hapa ndipo penye kidonda.

Sheria ya mwaka wa 2012 inayoiongoza Tume ya Huduma za Waalimu, yaani TSC, yaitaka Tume imtake kila mwalimu aendelee kujifunza kazi yake. Hilo ni jema, hatuna ugomvi nalo. Lakini Septemba 2021 Tume ilipotangaza mpango wa mafunzo hayo, mwalimu aliambiwa alipe mwenyewe shilingi 6,000 kila mwaka. Mafunzo yaligawanywa sehemu sita, kila sehemu miaka mitano. Pigeni hesabu. Shilingi 6,000 mara miaka 5 ni shilingi 30,000. Mara sehemu 6 ni shilingi 180,000, nayo ni miaka 30 ya utumishi. Mtu alitakiwa alipe maisha yake yote ya kazi ili aruhusiwe kuendelea kuifanya kazi aliyokwisha kufuzu. Vyama vya waalimu vilikataa, na vilikuwa na haki ya kukataa.

Wako wanaojibu: "Hata wakili hulipa, hata daktari hulipa." Basi wakili akiona gharama zimepanda huongeza ada yake kwa mteja. Mwalimu atamwongezea nani? Mshahara wake hupangwa na mwajiri, mtaala hupangwa na serikali, idadi ya watoto darasani haiulizwi kwake, na sasa gharama tu ndiyo iwe yake? Hii ndiyo sheria ya fisi: nyama ni yangu, mifupa ni yenu.

Wengine husema: "Mbona mtu akitaka digrii hujilipia?" Kweli. Mtu akijiendea chuo jioni kwa hiari yake, apate cheo au aache kazi aende kwingine, na alipe. Faida ni yake. Lakini mwalimu hakuuomba mtaala huu. Aliamriwa. Kazi ikibadilishwa na mwajiri, mafunzo ya mabadiliko ni gharama ya mwajiri, kama vile mafuta ya treni ni gharama ya mwenye treni. Injini za dizeli zilipoletwa badala ya zile za mvuke, je, ingekuwa haki kumwambia dereva akajifunze dizeli kwa mshahara wake? Reli ilikuwa na shule yake ya mafunzo hapa Nairobi tangu mwaka wa 1956, na haikuijenga kwa mapambo.

Tukumbuke pia TSC yenyewe ilitoka wapi. Zamani mwalimu aliajiriwa na misheni au baraza la wilaya, mshahara ukaja au usije. Chama chake cha KNUT, kilichozaliwa mwaka wa 1957, kilipigania mwajiri mmoja kwa waalimu wote, na mwaka wa 1967 TSC ikaundwa. Mwajiri mmoja maana yake ni mtu mmoja wa kubeba mzigo wa mwajiri. Haikupiganiwa ili mwalimu abebe mzigo huo mwenyewe.

Wala tusisahau vibarua. Sekondari msingi ilipofunguliwa mwaka wa 2023, wengi wa waalimu wake waliajiriwa kwa mkataba wa mwaka, kwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, wakafundisha hata masomo ambayo hawakuyasomea. Iliwapasa kugoma mwaka wa 2024 ndipo 46,000 wao wakapewa kazi ya kudumu kuanzia Januari 2025. Sasa twauliza: mtu asiyejua kama mwaka ujao atakuwapo, atajengaje desturi mpya ya kufundisha? Kibarua hupanda mahindi, hapandi mwembe.

"WAALIMU NI WAVIVU"

Neno hili twalisikia katika matatu na katika kantini zetu wenyewe. "Waalimu hawataki mabadiliko. Wamezoea chaki."

Pigeni hesabu nyingine. Somo moja katika madarasa ya juu ya msingi ni dakika 35. Mwenye watoto 70, akitaka kumsikiliza kila mmoja, ana nusu dakika kwa kila mtoto, hata kabla hajasalimia wala kufuta ubao. Hawezi. Akiwagawanya vikundi kumi vya watoto saba, ana dakika tatu na nusu kwa kila kikundi, na wakati anapokuwa na kimoja vile tisa vinafanya kazi. Ndiyo kusema kwamba njia ya vikundi ndiyo hasa ingemfaa mwalimu mwenye darasa kubwa, lakini kama tu amefunzwa kupanga kazi itakayoshika vile vikundi tisa. Asipofunzwa, vikundi tisa huwa soko, mwalimu mkuu hupita dirishani akakunja uso, na mwalimu hurudi kwenye chaki. Huo si uvivu. Huo ni mtu aliyetupwa mtoni akashika jani.

Na lugha je? Watoto hawawezi kushauriana kwa lugha ambayo hawaijui. Mtaala wenyewe wakubali kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya mahali shule ilipo, na mijini lugha hiyo ni Kiswahili mara nyingi. Lakini wazazi wengi, nasi tumo, twataka mtoto aongee Kiingereza tangu siku ya kwanza ili tujisifu kwa jirani. Matokeo ni kikundi cha watoto saba wanaotazamana kama abiria waliokosa treni.

Wako pia ndugu zetu wasemao: "Sisi tulipigwa, tuliimba hesabu, na tumekuwa watu. Hii ya vikundi ni kuwadekeza." Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, wala hatuvililii. Tumekuwa watu, ndiyo. Lakini wale waliokaa viti vya nyuma wakapigwa mpaka wakaacha shule, hao hawamo katika mkutano huu kutoa ushahidi wao. Tena shule ile ilitufunza jambo moja vizuri sana, nalo ni kunyamaza mbele ya mkubwa. Sisi tuliomaliza msingi katika shule za misheni twajua ilivyotuchukua miaka kujifunza kusimama mkutanoni na kusema, "Bwana Mwenyekiti, sikubali, na sababu zangu ni hizi."

Fikirini basi. Mtoto aliyezoea kusikiliza wenzake, kubishana bila kutukana, kugawana kazi kwa haki, na kuiacha hoja yake inaposhindwa na iliyo bora, huyo ni mwanachama gani kesho? Ndiye mwanachama tunayemtafuta katika kila tawi na hatumpati. Ndiye atakayesoma mkataba kabla ya kutia sahihi. Hii ndiyo sababu kubwa ya sisi kutaka mafunzo ya waalimu yawe ya kweli. Watoto wa matajiri tayari wana madarasa ya watoto ishirini, meza za kuzunguka na waalimu waliofunzwa vema. Wao wanajifunza kushauriana na kuongoza. Wetu wakibaki kwenye kunakili, tutakuwa tumekubali kwamba wao wazae maboma wenye kuamua na sisi tuzae wenye kuamuliwa.

MAFUNZO YA KWELI YAWEJE?

Hatupendi kulalamika bila kuonyesha njia.

Huko Japani iko desturi ya miaka mingi, na baadhi ya waalimu wetu waliionja katika SMASSE. Waalimu wa shule moja hukaa pamoja wakatengeneza somo moja. Mmoja wao hulifundisha kwa watoto wake halisi, darasani mwake halisi. Wenzake hukaa kando, nao hawamtazami mwalimu kama wakaguzi. Huwatazama watoto: yupi amekwama, yupi ameelewa, kwa nini. Baadaye huketi wakazungumza, wakalirekebisha somo, na mwingine akalijaribu tena. Hapa mwalimu hujifunza vile vile anavyotakiwa kufundisha, yaani pamoja na wenzake, kwa kutenda na kurekebisha.

Mafunzo haya hayataki ukumbi wa hoteli. Hayataki cheti chenye muhuri wa dhahabu. Yanataka kitu kimoja cha gharama, nacho ni wakati. Mwalimu mwenye vipindi vya kufundisha asubuhi hadi jioni, na rundo la madaftari ya usiku, hana saa ya kukaa na mwenzake. Wakati huo haupatikani ila waalimu waongezwe. Ndiyo maana wakubwa hupenda semina ya siku tatu: ni rahisi kuliko kuajiri.

TUNADAI HIVI

1. Mafunzo yote yaliyoamriwa na mwajiri yalipwe na mwajiri, pamoja na nauli na chakula. Mwalimu asikatwe hata senti.

2. Mafunzo yafanywe saa za kazi. Likizo ni likizo.

3. Yafanywe shuleni, na watoto waliopo darasani, na yarudiwe muhula baada ya muhula. Siku tatu ukumbini zisihesabiwe kuwa mafunzo.

4. Kila mwalimu atengewe kipindi kila wiki cha kutayarisha na kujadiliana na wenzake, na waalimu waajiriwe wa kutosha kuliwezesha jambo hili. Waajiriwe kwa kazi ya kudumu, si ukibarua.

5. Karatasi, rula na vifaa vitoke kwa serikali. Mzazi mwenye mshahara wa siku asitumwe kila jioni kutafuta manila na rangi.

6. Vyama vya waalimu viketi mezani wakati mafunzo yanapopangwa, si baada ya kupangwa.

7. Mwalimu anayesema mafunzo hayatoshi asiadhibiwe. Aulizwe yapungukiwa wapi.

NA SISI JE?

Madai bila kazi ni kelele. Sisi wazazi wa reli tufanye haya.

Mkutano wa wazazi ukiitwa shuleni, twendeni. Tusimwachie mama watoto peke yake. Tumwulize mwalimu mkuu mbele ya watu: waalimu wenu walifunzwa siku ngapi, na nani alilipa? Tukipita tukasikia darasa lina sauti za watoto, tusikimbilie kusema hakuna nidhamu. Tusikilize kwanza wanazungumza nini. Mtoto akirudi nyumbani na swali, tusimwambie "nyamaza, nimechoka". Na waalimu wakiitisha maandamano ya halali juu ya jambo hili, tusisimame kando ya barabara tukawahesabu kama wageni.

Mwisho, kila tawi lilete azimio katika mkutano wake wa mwezi kuunga mkono hayo saba tuliyoyaandika, na katibu wa tawi alipeleke kwa ofisi ya vyama vya waalimu iliyo karibu naye. Tawi lenye neno la kuongeza au la kupinga liandike, nasi tutalichapa katika toleo lijalo. Mwaka wa 1959 watu wa reli walipogoma hawakutegemea nguvu za dereva peke yake, wala za karani peke yake. Mwalimu naye asiachwe peke yake.

Umoja ni nguvu.

Wenu katika kazi na katika Chama.